Sindano Ikishatumika
(Mazungumzo na wanafunzi wa zamani na wa sasa, Pasua, Moshi)



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa serikali upande wa afya, na kazi yenyewe, kwa kifupi, ni takataka za hospitali. Mnacheka! Moshi yetu inasifika kwa usafi wa barabara, lakini sindano iliyotumika haikai barabarani ikaonekana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida, kama karatasi na maganda. Hatari imo katika 15 zilizobaki. Zikichanganywa, zote zimekuwa za hatari. Kwa hiyo sindano huingia katika kisanduku chake palepale, bila kurudishiwa kifuniko, na kisanduku hufungwa kikijaa robo tatu.

Hayo ya hospitalini yana mwongozo wa taifa tangu 2004. Mimi leo nina wasiwasi na majumbani. Wengi wetu tumefikia umri wa kisukari, na wazee wetu huko mlimani hujidunga insulini wenyewe. Sindano zao zinakwenda wapi? Huku mjini huingia katika mfuko wa taka za jikoni, anaoubeba kijana wa mkokoteni kwa mikono mitupu. Huko juu hutupwa shimoni kihambani na kuchomwa moto. Plastiki huungua, chuma hubaki, kisha jivu na samadi hupelekwa kwenye migomba. Mama anayepalilia hana viatu.

Chukueni dumu gumu la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, liandikeni, liwekeni mbali na watoto. Likikaribia kujaa, mwulizeni mhudumu mnakochukulia dawa mlipeleke wapi.

Aliyechomwa aoshe kwa maji mengi na sabuni, asikamue, aende hospitali siku hiyohiyo. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa kabla ya saa 72 kupita. Homa ya ini aina ya B ni kali zaidi: kwa asiyechanjwa, sindano yenye virusi hivyo yaweza kuambukiza hadi mara 30 katika 100, na virusi huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Ninyi vijana chanjo yake mlipewa uchangani, maana ilianza kutolewa kwa watoto nchini mwaka 2002. Sisi wa zamani tulizaliwa kabla, hivyo tukapime, na asiyeugua achanjwe.

Nakaribisha maswali.