Ubaridi wa Ardhi na Ghala la Viazi

  Leo nasema hasa na ninyi mnaolima viazi mviringo katika nyanda za juu, kule ambako asubuhi mtu hutoka nje amejifunika blanketi, na saa nane mchana jua linamchoma shingoni. Lakini hata wewe wa mahali pengine tega sikio, maana habari yenyewe ni ya ardhi, na ardhi kila mtu anaikanyaga.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nadhani hawakuwa wakisema juu ya viazi. Mkulima anaweka gunia zake katika banda la bati, juma la tatu anasikia harufu. Kwa kuogopa hasara hiyo anaamua kuuza vyote siku ile ile ya kuvuna. Na mnunuzi analijua hilo. Anakuja na lori wakati kila mtu anavuna, anataja bei aipendayo yeye, na juu ya bei hiyo anataka ajaziwe lumbesa. Miezi miwili baadaye mkulima huyo huyo anakwenda sokoni kununua viazi vya kulisha watoto wake, kwa bei ya kuumiza. Je, hatuwezi kungoja hata hiyo miezi miwili? Mara nyingi tunaweza, ikiwa tutajua kuutumia ubaridi uliomo ardhini.

Msikilizaji mmoja aliniuliza kama ni kweli kwamba huko Ulaya watu hupasha nyumba zao joto kwa kutumia ardhi. Ni kweli kabisa. Kule Swideni nyumba nyingi zimefungwa mitambo ya namna hiyo. Hulaza mabomba ardhini, kina cha mita 1 au 2, ama huchimba kisima chembamba cha mita 100 na zaidi. Ndani ya mabomba huzungushwa maji yaliyotiwa dawa ya kuzuia yasigande. Wakati wa baridi kali, nje kukiwa na theluji, ardhi ya chini huwa na joto kuliko hewa. Maji hulichukua joto hilo na mashine hulikusanya na kulizidisha. Mashine hiyo ni ndugu yake friji. Friji hutoa joto ndani na kulitupa nyuma. Hii hutoa joto ardhini na kulimwaga chumbani. Kwa uniti 1 ya umeme, nyumba hupata joto la uniti 3 hadi 4. Na mitambo mingine, wakati wa kiangazi, hugeuza kazi na kupoza nyumba.

Haya, je, na wewe ukafunge mtambo huo Njombe au Makete? Hapana, ndugu yangu. Unataka umeme usiokatika, unataka mashine ya kuchimbia, unataka fundi wa kuja kuitazama. Huo si mzigo wa kumtwika mtu mwenye ekari 2. Lakini jambo ambalo mtambo huo umejengwa juu yake halina bei. Nalo ni hili: ardhi haina haraka. Jua likiwaka juu, joto lake hushuka polepole sana udongoni, na kabla halijafika mbali usiku umeingia. Ukifika kina cha mita 1, mchana na usiku ni karibu sawa. Ukifika mita 2, katika nchi zetu hizi hata miezi ya baridi na miezi ya joto haitofautiani sana. Ardhi hukaa karibu na wastani wa hali ya hewa ya mwaka mzima wa mahali hapo.

Sasa fanya hesabu. Dar es Salaam wastani huo ni kama nyuzi 26 za sentigredi. Kuchimba ghala la viazi huko ni kupoteza jasho. Lakini penye mwinuko wa mita 2,000 wastani ni nyuzi 15 hadi 17 hivi, na ukipanda zaidi hupungua. Banda la bati katika mwinuko huo huo laweza kupita nyuzi 30 mchana. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kiazi kinacholala usingizi na kiazi kinachochipua na kuoza.

Wala tusidhani elimu hii imetoka Ulaya. Wairaqw wa Mbulu zamani walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima, na paa la udongo likawa sawa na ardhi. Walifanya hivyo hasa kujificha maadui na kulinda mifugo yao, lakini ndani ya nyumba ile usiku wa baridi haukuwa mkali, na mchana wa jua haukuwa mkali. Sisi tutafanya kama wao, ila mpangaji wetu atakuwa kiazi.

Kabla hujashika jembe, jaribu kwanza. Chimba shimo la mita 1 mahali penye kivuli, fukia humo chupa ya maji iliyofungwa, weka na nyingine bandani. Siku ya pili, saa nane mchana, zitoe zote mbili uzishike. Mkono wako utakupa jibu. Ukiweza kumwazima bwana shamba au bibi shamba kipimajoto, ni vizuri zaidi.

Jibu likiwa zuri, chagua mahali. Tafuta mtelemko wenye udongo mgumu ulioshikamana. Udongo wa kichanga huporomoka na kumfukia mtu. Chimba mbali na choo, na mbali na bonde ambako maji huja juu wakati wa masika. Pawe na kivuli au majani, maana ardhi iliyo uchi juani hupata joto zaidi.

Chimba kuingia ubavuni mwa mtelemko, siyo kwenda chini kama kisima. Chumba cha mita 3 kwa mita 2 chatosha, mlango ukiwa upande wa chini, sawa na ardhi ya nje, na ukuta wa nyuma ukiwa na kina cha mita 2. Panga nguzo imara za paa, moja kando ya nyingine, uweke na mhimili katikati. Juu yake tandaza majani makavu, kisha udongo wa sentimeta 20. Udongo huo ukilowa unapita tani 2, kwa hiyo usifanye masihara na nguzo. Juu kabisa ezeka paa la nyasi la kuzuia mvua na jua, na zungusha mfereji wa kupitisha maji.

Ndani jenga kichanja cha mianzi au fito, sentimeta 30 kutoka chini, urefu mita 2 na upana mita 1 na nusu. Viazi vikilundikwa juu yake kwa kimo cha mita 1, usizidishe, utahifadhi karibu gunia 20 za kilo 100.

Sasa sikilizeni sana hapa, maana hapa ndipo wengi tunapokosea, na mimi nilikosea. Ghala langu la kwanza nilichimba shimo la kawaida karibu na jikoni, nikajaza viazi gunia 14, nikafunika kwa mbao na udongo, nikaenda zangu nikijiona mjanja. Juma la tano nilipofunua, maji yalikuwa yakidondoka chini ya mbao na gunia 6 zilikuwa uji. Mama watoto hakusema neno. Alichukua ndoo akaanza kuchota. Ubaridi ulikuwapo, ila pumzi haikuwapo. Kiazi ni kitu kilicho hai. Kinapumua, kinatoa joto lake na jasho lake, na kisipopata pa kulitolea kinajichemsha chenyewe.

Kwa hiyo ghala lazima liwe na njia mbili za hewa. Njia ya kwanza ipite chini, kutoka mlangoni hadi chini ya kichanja. Ya pili ni dohani ya mbao yenye upana wa sentimeta 20, itoke upande wa nyuma na kupanda juu ya paa, ikiwa na kofia ya kuzuia mvua. Zote mbili ziwekee wavu wa panya na vifuniko. Jioni baridi ikishashuka, fungua. Asubuhi kabla jua halijapanda, funga. Hewa baridi ya usiku itaingia chini, hewa ya joto itatoka juu, na ardhi itaulinda ubaridi huo mchana kutwa. Hapo utakuwa umefunga mtambo wako mwenyewe, usiokula umeme hata senti moja.

Lakini ghala halimponyi mgonjwa. Majuma mawili kabla ya kuvuna kata mashina, ili ngozi ya viazi ikomae. Sugua kiazi kwa dole gumba: ngozi ikibanduka, ngoja kwanza. Usivune mvua ikinyesha, wala usioshe viazi. Vilivyokatwa na jembe, vyenye ukungu, vyenye mnyauko na vilivyotobolewa na nondo, viondoe vyote. Vilivyobaki viweke siku 10 hadi 14 mahali pakavu penye giza na hewa nyingi ili vidonda vifunge, ndipo uviingize ghalani. Giza ni la lazima, maana kiazi cha kula kikipata mwanga hugeuka kijani, na kijani hicho kina sumu. Viazi vya mbegu usivichanganye humo. Hivyo huvitandaza juu ya vichanja, penye mwanga usio wa jua kali, vitoe machipukizi mafupi yenye nguvu. Kila juma kagua, na kilichooza kitoe siku hiyo hiyo, maana samaki mmoja akioza ni wote.

Jambo la mwisho linahusu uhai wa watu. Viazi vinapopumua hutoa hewa ya kaboni, ambayo ni nzito, haina rangi wala harufu, na hulala chini. Ndiyo sababu nimesema uchimbe ubavuni, mlango uwe sawa na ardhi, ili hewa hiyo ipate pa kutokea. Mahali pengine hewa hii hutoka ardhini yenyewe. Huko Rungwe ni nyingi hata imechimbwa kwa biashara, na ndugu zetu wa Goma, katika Kongo, mahali inapojikusanya hupaita mazuku, na watu na wanyama wamekufa humo. Penye bonde ambapo unakuta wadudu na ndege wamekufa bila sababu, usichimbe kabisa. Na hata ghala lako zuri, fungua mlango na matundu yote mawili, ngoja nusu saa, ndipo uingie, na mtu mwingine awe nje. Ukisikia kizunguzungu au pumzi fupi, toka mara moja. Mwenzako akianguka ndani usimkimbilie kabla hewa haijaingia. Wengi wamekufa wawili wawili kwa huruma hiyo. Watoto wasichezee humo. Jiko la mkaa lisiingie humo hata kwa dakika moja.

Na wale mnaoniuliza juu ya maji ya moto ya Songwe, hilo ni joto la namna nyingine, linatoka mbali sana chini. Joto la namna hiyo ndilo linalozalisha umeme kule Olkaria, Kenya, tangu mwaka 1981, kwa visima virefu na mitambo mikubwa. Si kazi ya jembe na sururu.

Basi, ndugu mkulima, ufanye nini msimu huu? Usiweke mavuno yote ghalani kwa kuwa umenisikia mimi. Ukivuna gunia 20, uza 15 kama kawaida, weka 5. Andika tarehe, andika bei ya siku hiyo, kila juma andika vilivyooza na bei ya sokoni. Ghala hili si friji. Litakupa miezi miwili, pengine mitatu, kutegemea aina ya viazi na usafi wako, kisha vitaanza kuchipua. Na bei nayo haina ahadi, mwaka mwingine haipandi. Lakini siku lori litakapokuja na kilemba chake juu ya gunia, mwenye ghala ana neno moja ambalo jirani yake hana. Anaweza kusema, "Leo siuzi."