Si Uvivu, ni Damu

Hotuba ya wanachama wenye ugonjwa wa selimundu pamoja na wazazi, mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia

Tuko watu watano mbele yenu. Watatu tuna selimundu, na wawili ni wazazi wa watoto wenye ugonjwa huo. Tumekubaliana kusema kwa sauti moja, maana shida zetu zinafanana.

Tuanze na jambo ambalo wengi mnalijua. Msimu uliopita mmoja wetu alikosa siku mbili za kupalilia shamba la kikundi. Jumatatu alionekana kisimani akicheka na wenzake. Jumatano hakufika. Watu wakasema, "Si juzi tu alikuwa mzima? Huyo anajifanya." Akapigwa faini, na zamu yake ya kupokea pesa za mzunguko ikarudishwa nyuma. Kumbe siku hizo alikuwa kitandani akiuma meno, hawezi hata kujigeuza. Hakuna aliyekwenda kumwona. Lakini hatumlaumu mtu. Sisi pia tulikosa, kwa sababu tuliona aibu tukanyamaza. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi leo tuwaeleze. Katika damu kuna chembe nyekundu zinazobeba hewa safi mwilini. Za mtu asiye na ugonjwa huu ni za mviringo na laini, zinapita kwenye mishipa myembamba bila taabu. Zetu hupinda kama mundu, zikawa ngumu, zikakwama. Pale damu isipopita ndipo maumivu yanapoanza: mgongoni, miguuni, kifuani. Tena chembe za wengine huishi karibu siku 120, lakini zetu siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana tunachoka upesi, na macho yetu mara nyingi ni ya manjano. Baridi, kiu, malaria na kazi ya kupita kiasi huweza kuleta maumivu. Mara nyingine yanakuja tu. Kwa hiyo ukituona wazima Jumatatu, usiape juu ya Jumatano.

Jambo la pili ni maneno yanayosemwa. Ati ni laana. Ati mama ndiye aliyeleta ugonjwa katika boma. Jamani, mtoto huupata akirithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Mara nyingi wazazi hao ni wazima na hawajui lolote. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu ugonjwa huu ni mwingi pande za ziwa na pwani, penye mbu wengi. Hauambukizwi kwa kula wala kulala pamoja.

Maneno hayo yanaua. Mmoja wetu alimzika mtoto wa miaka mitatu. Mtoto aliposhikwa na homa, ukoo ulisema wazee wakae kwanza, wajue nani amemroga. Siku mbili zikapotea. Akina mama, mtoto mwenye selimundu akiwa na homa, au akipumua kwa shida, au akipauka ghafla na tumbo kuvimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hata usiku.

Dawa za kusaidia zipo. Watoto wadogo hupewa penisilini kila siku mpaka wafike miaka mitano, na vidonge vya foliki asidi. Wote tulale ndani ya chandarua chenye dawa na kunywa maji mengi. Iko pia haidroksiurea, ambayo hupunguza maumivu ya mara kwa mara, lakini hiyo hutolewa na daktari anayepima damu yako.

Sasa tunaomba mambo matatu kwa vikundi vyote vilivyo hapa.

Kwanza, mwanachama mgonjwa akituma mtu kutoa habari, asipigwe faini. Akipata nafuu apewe kazi ya kukaa: kuandika daftari, kuchambua mbegu, kuuza mboga sokoni. Kazi hizo pia ni za kikundi.

Pili, mtutembelee. Mtungi mmoja wa maji na kuni kidogo vinatosha. Usituulize tutapona lini. Keti tu nasi.

Tatu, kila kikundi kiweke akiba ndogo ya nauli ya hospitali, na wenye afya wakubali kutoa damu inapohitajika. Siku hiyo ikifika si wakati wa kuanza kuitisha harambee.

Sisi tunatoa mchango wetu kila mwezi kama ninyi. Tunataka kubaki wanachama, siyo kuwa mzigo. Ndugu mwenyekiti, tunaomba suala la faini lijadiliwe leo, kabla ya sala ya kufunga, na lile daftari la zamu lifunguliwe mbele ya wote.