Dozi ya Mionzi: Usifute Alama, Usiruke Siku

Leo nazungumza na wewe wa Kawangware, Waithaka au Riruta unayepanda matatu kwenda Hospitali Kuu ya Kenyatta kutibiwa saratani kwa mionzi.

Wengi huniuliza: "Sista, mbona nilipigwa picha halafu nikaambiwa ningoje? Si mashine ipo?" Sababu moja ni hesabu. Dozi ya mionzi hupimwa kwa grei. Daktari huchora uvimbe kwenye picha ya CT, kisha mtaalamu wa fizikia hukokotoa ni dozi gani itafika kwenye uvimbe, na ni kiasi gani kitagusa kibofu au utumbo. Ikipungua, saratani hubaki. Ikizidi, viungo vizima huumia.

Nchi kama Marekani na Japani hutumia pia chembe za protoni, matibabu ambayo Kenya bado hatuna. Protoni husimama ndani ya mwili na kutoa nguvu yake nyingi pale inaposimama. Lakini hewa au mfupa njiani hubadilisha mahali hapo. Hesabu kamili hufuata mamilioni ya chembe, na huweza kuchukua muda mrefu. Kwa hivyo watafiti wanaifundisha kompyuta kwa mifano mingi iliyokwisha kukokotolewa, hadi itoe makadirio kwa sekunde chache. Hata hivyo, ni lazima mtaalamu ayakague.

Msikilizaji, kompyuta iwe ya hapa au ya ng'ambo, huhesabu mwili uliopigwa picha siku ile. Kwa hivyo:

Kwanza, usifute alama ulizochorwa ngozini. Zikififia, usijichoree, waambie wahudumu.

Pili, ukiambiwa uje kibofu kikiwa kimejaa, njoo hivyo hivyo.

Tatu, ukikonda au ukivimba, sema. Huenda hesabu ikafanywa upya.

Nne, usiruke siku. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mionzi ya nje mara nyingi hugawanywa kwa siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukikatiza kwa sababu damu imekoma, chembe za saratani hupata nafasi ya kukua tena.

Ndugu na majirani, nauli ya mgonjwa ni sehemu ya dawa. Mkimchangia, mchangieni hadi siku ya mwisho.