Kifafa si Sababu ya Kufutwa Kazi

Kijana akianguka kifafa kazini, dukani au hotelini hapa Isiolo, wenzake huogopa povu na mwajiri humfuta. Kifafa hakiambukizi. Kwa dawa za kila siku, wagonjwa hadi 7 kati ya 10 wanaweza kukaa bila kuanguka.

Mama, usimfiche nyumbani. Pamoja naye, mwelezeni mwajiri: ampe kazi mbali na moto, akianguka alazwe kwa ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, zikipita dakika 5, apelekwe hospitali.

Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu, na Katiba ya 2010 inahesabu humo pia ugonjwa wa muda mrefu. Akifutwa, pelekeni malalamiko ofisi ya leba.