Usiseme Nimebaki Peke Yangu

Maneno yaliyosemwa na mzee mmoja wa kanisa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani

Nimepewa dakika kumi niseme na Wakristo wanaojiona wapweke katika imani na katika wito wao. Ninyi wa dini nyingine mtanivumilia, ingawa upweke hauchagui dini.

Watu hao tunao. Yupo mwimbishaji wa kwaya ambaye wenzake wamesafiri kwenda Marekani, Kanada na Australia, na faili lake yeye halijasogea. Yupo mama aliyeokoka katika nyumba ambamo hakuna mwingine anayeomba. Yupo mchungaji anayezika, anayepatanisha ndoa, anayesikiliza matatizo ya kijiji kizima, na jioni hakuna wa kumwuliza, "Na wewe, mchungaji, umeshindaje?" Mimi naona huyu ndiye mpweke kuliko wote, kwa sababu tumemzoea kuwa mtoaji.

Tumtazame nabii Elia katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 18 na ya 19. Malkia Yezebeli alitaka kumwua, akakimbia kutoka Israeli mpaka Beer-sheba iliyo ya Yuda. Yaani alivuka mpaka, alikuwa mkimbizi kama sisi. Pale akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti akaomba afe. Angalieni vizuri: yule mtu mmoja aliyekuwa naye alimwacha yeye mwenyewe. Mtu aliyechoka hufanya hivyo. Hufunga mlango, kisha hulia kwamba hakuna anayebisha hodi.

Baadaye Elia alimwambia Mungu, mara mbili, kwamba amebaki peke yake. Lakini katika sura ya 18 Obadia alikuwa amekwisha kumwambia kwamba amewaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, akawalisha mkate na maji. Habari hiyo Elia aliisikia kwa masikio yake. Uchovu uliifuta.

Na Mungu hakumkemea. Malaika alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Maneno yalikuja baadaye, kule Horebu, ndipo akaambiwa kuna watu 7,000 wasiompigia Baali magoti. Kwa hiyo ndugu, asiyelala usiku, asiyetaka kula, anayetamani kufa, msimwambie hana imani. Kaeni naye, mpeni chakula, mpelekeni zahanati. Kwenda kwa mganga wa hospitali si kumkana Bwana.

Jambo lingine Mungu alimpa Elia mtu mmoja, Elisha, aliyekuwa akilima na jozi 12 za ng'ombe. Wale 7,000 hakuonyeshwa. Alionyeshwa mmoja.

Katika nchi zetu hizi jambo hilo limetokea. Daktari Joe Church, mmisionari Mwingereza, alifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Baada ya njaa kubwa ya 1928 na 1929 alikuwa amechoka mwili na roho. Mwaka 1929 alikwenda Kampala, na katika kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, aliyekuwa na kiu ileile. Walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Mmoja Mzungu, mmoja Mwafrika, wakati wa ukoloni! Uamsho uliotoka Gahini na Uganda ulifika Burundi, Kenya na Tanganyika, na neno "walokole" tunalolitumia hata leo lilitokana na Kiganda. Walioanza walikuwa watu wachache waliochoka kuwa peke yao na wakakubali kulisema.

Basi na wewe tafuta mmoja. Awe mtu mwenye kifua, asiyetembeza siri kwenye bomba la maji. Si lazima awe wa dhehebu lako wala wa kabila lako. Kutaneni siku ileile kila juma. Msikae ndani, maana turubai halina siri. Kaeni chini ya mti, mahali mnapoonekana na watu lakini hamsikiki.

Ndugu wafanyakazi, wengine wenu pia mko mbali na makanisa yenu na familia zenu. Tumezoea kuwaona kama watu wa orodha na kadi. Benchi zetu ziko wazi kwenu. Nanyi wakimbizi wenzangu, mfanyakazi akija kusali, tafadhali, msimfuate na faili mkononi.

Nimalizie na jambo la wanaosafiri. Familia ikipata safari, kanisa hufanya sherehe, tunaimba, tunalia, tunapiga picha. Halafu basi linaondoka, na yule aliyekuwa akiomba nao kila asubuhi anarudi kijijini mwenyewe. Naomba wazee wa makanisa yote, siku ya kuaga, mwulize anayeondoka: "Nani alikuwa mwenzako, na unamkabidhi kwa nani?" Jina litajwe mbele ya kanisa, na anayekabidhiwa asimame. Jumapili ijayo kuna wanaoagwa. Tuanze nao.