FEDHA NI KIPIMO CHA DUKA, SI KIPIMO CHA MWENYE DUKA

(Maneno kwa wafanya biashara wa Mbeya na Iringa)



Tumekuja kuzungumza juu ya swali ambalo kila mmoja wetu hujiuliza jioni anapofunga duka: mfanya biashara aliyefanikiwa ni yupi? Wengi hujibu upesi kwamba ni yule mwenye fedha nyingi. Basi leo na tulipime jibu hilo, kama mnunuzi mwenye akili anavyopima mzigo kabla hajafungua mfuko wake.

Kwanza tusidanganyane. Fedha ina maana. Mwenye duka wa Miyomboni asiyepata faida hawezi kulipa pango, wala ushuru, wala mshahara wa kijana wake. Mwenye lori apakiaye mbao Mafinga, akirudi na hasara safari tatu, lori litauzwa. Anayetuambia tudharau faida hatufundishi utu, atufundisha kufilisika. Tena wako wenzetu wanaohesabu mauzo ya siku wakayaita faida, kumbe ndani yake mna deni la mali, mna nauli ya gari, mna mtaji wa kesho. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo fedha ihesabiwe, na ihesabiwe vizuri. Lakini daftari latuambia duka liko katika hali gani. Halituambii mwenye duka ni mtu gani.

GUNIA LENYE KICHWA

Tazameni biashara ya viazi. Viazi vyatoka Njombe, Uporoto na Umalila, vyapanda magari vikashuka kwa barabara kuu mpaka Dar es Salaam. Mkulima amenunua mbegu na mbolea, amelima katika baridi na ukungu, na siku ya kuuza anaambiwa bei ya gunia moja. Hapo ndipo lumbesa inapoingia. Gunia lajazwa hadi mdomoni, kisha laongezwa kichwa, lafumwa kwa kamba, na bei yabaki ile ile ya gunia moja.

Sheria ya vipimo haikubali mzigo wa namna hiyo uzidi kilo 100. Tufanye hesabu ndogo. Gunia likishindiliwa mpaka kilo 130, mkulima ametoa kilo 30 bure. Magunia kumi ni kilo 300, yaani magunia matatu kamili yaliyoondoka shambani bila senti moja. Mnunuzi akirudi mjini na kununua gari jingine, watu humsifu kwamba ana mkono wa biashara. Je, amefanikiwa? Kwa kipimo cha fedha, ndiyo. Kwa kipimo cha mizani, amechukua mali ya mtu. Na mkulima aliyenyonywa msimu huu atalima kidogo msimu ujao, naye mfanya biashara atakosa cha kununua. Anayemwibia mkulima analikata tawi alilolikalia.

MOTO HAUCHAGUI

Mwaka 2006 soko la Mwanjelwa liliungua. Waliokuwamo wanajua maana yake: mitumba, vitenge, vyombo, nafaka, yote majivu. Kama fedha na mali ndizo kipimo cha pekee, basi siku ile wenye vibanda vile waligeuka kuwa si kitu. Nani awezaye kusema hivyo?

Baada ya moto wa namna hiyo, swali ni moja: nani atakupa mali kauli? Mwenye duka la jumla hutoa mzigo leo na kupokea fedha baadaye, bila hati wala dhamana, kwa neno tu. Hampi kila mtu. Humpa yule ambaye miaka yote alilipa siku aliyoahidi, na siku aliyoshindwa alikuja mwenyewe akasema. Neno hilo haliwekwi benki, wala moto hauliunguzi. Nalo ni mtaji kuliko mtaji.

DAWA YA UTAJIRI

Sasa tuseme jambo lenye uchungu. Mwanzoni mwa mwaka 2019 nchi nzima ilishtuka kwa habari za Njombe, mkoa ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya Iringa. Watoto wadogo waliuawa, na Serikali ikasema mauaji yale yalihusiana na ushirikina wa kutafuta utajiri. Wazazi wakawa wanawasindikiza watoto shuleni kwa hofu.

Ndugu zetu, mambo kama hayo hayatoki hewani. Hapo tunapomheshimu mtu kwa fedha zake tu, wala tusiulize zimetokaje, tunamfundisha mwenye tamaa kwamba njia haina maana. Mganga mwongo humkuta mtu aliyekwisha tayarishwa na sifa zetu wenyewe. Tamaa mbele, mauti nyuma. Na safari ile mauti yaliwapata wasiokuwa na tamaa yo yote.

Kuna dhuluma ya pili. Wakinga wa Makete wameshuka kutoka milimani wakafungua maduka Njombe, Makambako, Iringa na Mbeya, na wengi wamestawi. Wako wanaonong'ona kwamba ni dawa. Sisi twasema tazameni vizuri. Mtu humwita mdogo wake, humweka dukani, humfundisha kununua na kuuza. Akisha kujua kazi, husaidiwa kuanza duka lake, naye humwita mwingine. Wanaamka mapema, wanakula kidogo, wanarudisha faida dukani. Hiyo ndiyo dawa, na kila kabila laweza kuitumia.

KIPIMO KILICHO KAMILI

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja mambo manne yanayohitajiwa kwa maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikuwekwa katika manne hayo. Lakini tumeona pia upande wa pili. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili ya ushirika yashike nafasi, na katika sehemu nyingi watu walitaabika kupata chumvi na sabuni. Hapo ikaonekana kwamba mfanya biashara ana kazi ya kweli katika nchi. Thamani yake ni kule kuifikisha chumvi kijijini na kuyafikisha mahindi mjini kwa bei ya haki.

Mkumbukeni John Rupia. Alikuwa mfanya biashara mwenye mali katika Dar es Salaam, naye alikuwa Makamu wa Rais wa TANU, akaisaidia TANU kwa mali yake katika miaka ya 1950. Leo nani anauliza alikuwa na shilingi ngapi? Jina lake latajwa kwa jinsi alivyozitumia.

Kwa hiyo twawaomba mjipime kwa maswali manne. Mkulima aliyekuuzia mwaka jana, anafurahi kukuona mwaka huu? Aliyekupa mali kauli, amelala usingizi? Kijana wa dukani kwako, baada ya miaka mitano atakuwa na duka lake, au atakuwa mtumwa wako mzee? Na mwanao akikuuliza fedha hizi zilitoka wapi, waweza kumjibu mbele ya watu?

Mwenye fedha na majibu mema kwa maswali hayo, huyo amefanikiwa, na tumpigie makofi. Mwenye majibu mema na fedha kidogo yu njiani, na tumsaidie. Lakini mwenye fedha asiye na majibu, tusimwite mkubwa wetu. Tuanze na jambo moja lililo mikononi mwetu: msimu huu wa viazi, kila mzigo upande mizani, na lumbesa ikome.