"Kinaoza": Wapi, na kwa Muda Gani?



Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku Tanzania Bara, Juni 1, 2019, maneno kama "rafiki wa mazingira" na "kinaoza" yamekuwa yakitumika kunadi vifungashio vya chakula na vinywaji. Tunawashauri msilipe zaidi kwa sababu ya maneno hayo pekee.

Kikombe kilichotengenezwa kwa plastiki ya wanga wa mahindi huoza vizuri katika mtambo maalumu wa mboji, wenye joto la nyuzi 58 hivi. Kikitupwa mtaroni au baharini, hukaa miaka mingi kama plastiki nyingine. Plastiki iliyotiwa kemikali ili isambaratike upesi huacha chembechembe ardhini na majini. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2021. Kikombe cha karatasi nacho hupakwa plastiki ndani ili kisivuje, na hivyo ni vigumu kukirejeleza.

Kwa hiyo, muulizeni muuzaji maswali mawili: kinaozea wapi, na kwa muda gani? Akikosa jibu, maandishi hayo yahesabuni kuwa pambo tu.

Chupa ya soda ya kioo haina sifa hizo zilizoandikwa ubavuni, lakini mkiirudisha dukani huoshwa na kujazwa tena mara nyingi. Wahenga walikwisha kutuasa: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.